Nondo ya Shaba Nyuma ya Posta

Simu ya posta ya Kwa Ndululu ilianza kulia yenyewe mwezi wa Agosti, mwaka ule wa themanini na nne ambao mvua ilisahau njia ya kuja Kitui. Ililia bila mtu kuipiga. Mbinya, karani wa posta, aliinua mkono wa simu akasema "halo" mpaka koo likamkauka, na kilichomjibu ni mngurumo tu, kama kinu cha mahindi kinachosaga nyumba ya pili. Mtu wa kweli alipopiga kutoka Mombasa, hapo ndipo simu ilipoamua kunyamaza.

Soko la Kwa Ndululu halikuwa kubwa. Lilikuwa na maduka sita, kanisa, kinu, na hiyo posta kando ya barabara ya kwenda Ikutha. Lakini karibu kila boma lilikuwa na mtu wake Mombasa au Nairobi, na mwaka huo watu wa mbali ndio waliokuwa wakiwalisha watu wa karibu. Simu ikiharibika, gunia la mahindi lilifika kwenye basi na hakuna aliyekuwa na habari ya kwenda kulipokea. Kwa hivyo idara ya simu kule Kitui ilituma fundi.

Fundi huyo aliitwa Gicheru. Alikuwa kijana wa Nyeri, mrefu, mwenye masikio makubwa ambayo wenzake walisema alikabidhiwa na idara siku moja na plaisi. Hakuhitaji kuonyeshwa njia. Kwa mwaka mzima alikuwa akiipigia posta ya Kwa Ndululu kila asubuhi kujaribu laini, na mara nyingine tena saa sita, na tena saa kumi kabla ya kufunga. Hakuna laini nyingine katika wilaya iliyojaribiwa namna ile. Ilikuwa laini nzima kabisa, na kila siku fundi na karani walichukua nusu saa kuhakikisha kwamba bado ni nzima.

Majaribio hayo yalizaa matunda. Ndoa ya Gicheru na Mbinya ilikuwa imekwisha kutangazwa kanisani mara mbili, na ilibaki mara ya tatu. Shida ni kwamba msomaji wa matangazo alikuwa Mzee Jonah Mutunga, mzee wa kanisa na baba yake Mbinya, na moyoni alikuwa amemwekea bintiye mwalimu mmoja wa Tawa. Tangazo la kwanza alilisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza dawa ya kupe. La pili alilimeza nusu. La tatu lilikuwa la Jumapili ya mwisho wa mwezi wa Septemba, na Gicheru aliisubiri siku hiyo kama mtu anayesubiri jino ling'olewe.

Yeye naye hakuwa bila hofu zake. Mama yake, Gathoni, alimwandikia kutoka Nyeri: *Wakamba ni watu wazuri na wakarimu, lakini usiache nywele zako kwa kinyozi wa huko, na usimwage maji ya kuoga mahali pa wazi.* Gicheru alijiona kijana msomi asiyeamini mambo ya uganga. Hata hivyo alinyolewa Kitui mara moja tu, na nywele akaondoka nazo kwenye leso.

Fundi mzuri haanzi na anachokishuku, anaanza na anachoweza kukipima. Gicheru aliingia chumba cha nyuma cha posta, palipokuwa na mtambo wa laini na rafu ya betri, akaanza na umeme. Alipima betri moja moja, zote nzima. Alipima chaja, nzima. Alikaza kila skrubu iliyokazika. Kisha akavuta waya wa mita kupitia dirishani mpaka nyuma ya nyumba, pale waya mnene wa mtambo uliposhuka ukutani ukabanwa kwa kibano kwenye nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Kati ya mtambo na ile nondo mita ilipaswa kusoma sifuri. Ilisoma volti nane.

"Kibano kimelegea," alimwambia Mbinya aliyekuwa amechungulia dirishani. Akakikaza kwa plaisi. Sifuri ikapatikana, lakini mngurumo ukapungua nusu tu.

Akatoa mita nyingine, lile sanduku lenye mkono wa kuzungusha kama wa cherehani, akachomeka vijiti vyake viwili ardhini na kuzungusha. Ile ndiyo mita ya kuuliza udongo kama unapokea umeme au unaukataa. Katika udongo mzuri sindano husimama chini ya kumi. Hapa ilipanda mpaka mia tatu ikaganda hapo.

"Sasa hiyo inasema nini?" Mbinya akauliza.

"Mtambo unataka mahali pa kutupa uchafu wake wa umeme. Pahali hapo ni ardhi. Ardhi ikikauka sana haipokei, na uchafu unarudi kwa simu. Ndio huo mngurumo."

Mbinya aliitazama nondo chini ya dirisha. "Kwa hivyo nondo iko na kiu."

"Iko na kiu."

"Basi kama sisi wote," Mbinya akasema, akaenda kuleta karai la maji aliyooshea vyombo.

Dawa ya kiu hiyo kila fundi anaijua. Unachimba kishimo kuzunguka nondo, unajaza makaa yaliyopondwa na chumvi, halafu unamwagia maji. Chumvi na makaa si shida kupata. Maji ndiyo shida, kwa sababu mwaka ule maji ya Kwa Ndululu yalichimbwa mchangani mtoni na kuletwa kwa punda mwendo wa saa mbili. Kumwaga maji chini mbele za watu, hata yawe ya vyombo, ilikuwa aibu kubwa kuliko kutembea uchi. Kwa hivyo Gicheru alifanya kazi yake asubuhi na mapema, kabla maduka hayajafunguliwa, akiangalia kushoto na kulia. Hakujua kwamba mtu anayeangalia kushoto na kulia ndiye anayeonekana kuliko wote.

Sindano ilishuka hadi saba. Simu ikawa safi. Gicheru akapanda pikipiki ya idara akarudi Kitui akipiga mluzi, na siku ya tatu simu ya Kwa Ndululu ikaanza tena kulia yenyewe.

Akarudi. Akakuta kibano kimelegea, kishimo kimefukuliwa, makaa yametawanyika, na chumvi haipo kabisa. Akafanya yote upya, na mara hii akakaza kibano mpaka kiganja kikamuuma. Siku ya nne simu ikafa tena.

Soko lilikuwa na maelezo yake. Simu inapona akija, inakufa akienda: si ni yeye anayeiharibu apate sababu ya kuja kumwona msichana? Gicheru naye alikuwa na maelezo yake, na hakumwambia mtu. Mkono wa nani huu unaochukua chumvi yake na kuacha nondo uchi? Usiku ule alilala akiwa amevaa kofia.

Mara ya tatu alikuja Jumatano, zikiwa zimebaki siku nne tangazo lisomwe. Alitengeneza, akapanga chumba nyuma ya kinu, na Alhamisi alfajiri akaenda kujificha pembeni mwa choo cha posta amwone huyo mchawi.

Mchawi alikuja kukiwa kunapambazuka. Alikuwa na ndevu na miguu minne. Nyuma yake walikuja wenzake tisa, na wote wakaingiza vichwa kwenye kile kishimo wakaanza kulamba udongo kwa bidii ambayo Gicheru hakuwahi kuiona hata katika ofisi ya idara. Ukame ulikuwa umewamalizia mbuzi majani, na sasa walikuwa wamegundua kwamba serikali imewawekea chumvi nyuma ya posta. Walipara kwa kwato, wakalamba, na beberu mkubwa mweusi akajikuna pembe kwenye kibano cha shaba mpaka kikazunguka. Beberu huyo watoto walimpa jina la Chifu, kwa sababu hakuwahi kuomba ruhusa mahali popote. Alikuwa wa Mzee Jonah.

Gicheru alifurahi mpaka akataka kucheka. Kumbe ni mbuzi tu. Alivua viatu asivichafue kwenye matope, akachukua kisu chake cha kumenyea waya ili akatie kibano waya mpya, akawafukuza wale tisa, na Chifu akakataa kuondoka. Basi akamshika pembe kwa mkono wa kushoto.

Hivyo ndivyo Mzee Jonah alivyomkuta alipopita kwenda maombi ya asubuhi. Alimkuta mkwe wake mtarajiwa peku, suruali imekunjwa magotini, mbele ya shimo lililomwagiwa maji, lina makaa na chumvi na nondo inayong'aa katikati, kisu mkono mmoja na mbuzi mweusi mkono wa pili.

"Habari ya asubuhi, Mzee," Gicheru akasema.

"Endelea," Mzee Jonah akamjibu. "Usisimame kwa sababu yangu."

"Mzee, hii mbuzi..."

"Hii mbuzi ni yangu, naijua. Nyeusi, haina doa. Hata wazee wetu walikuwa wanachagua hivyo hivyo."

Hapa ni lazima nimtetee Mzee Jonah, ingawa hastahili sana. Zamani kila sehemu ya Ukambani ilikuwa na ithembo, mahali patakatifu ambapo mvua ikikawia wazee walimwaga maji au pombe chini, wakaweka nafaka, wakachinja mbuzi wa rangi moja na kusema na waliokwisha kufa. Babu yake Jonah ndiye aliyekuwa mlinzi wa ithembo la upande ule. Jonah alipookoka, mwaka wa hamsini na moja, alichukua shoka akaukata ule mti mkubwa wa ithembo peke yake kwa siku mbili, na ndugu zake hawakusema naye miaka kumi. Mtu aliyelipa bei hiyo hawezi kuona mbuzi mweusi na maji mahali pamoja akafikiria simu.

"Mzee, ni ya mtambo," Gicheru akasema. "Udongo ukikauka, umeme hauwezi kushuka. Lazima unyweshe."

"Unyweshe nani?"

"Udongo."

"Na chumvi?"

"Inasaidia umeme kupita."

"Na hiyo mbuzi inasaidia nini?"

Gicheru alimwachilia Chifu, na Chifu, badala ya kukimbia kama mbuzi mwenye haki, akarudi kwenye kishimo na kuinamisha kichwa kwa heshima.

Mzee Jonah alitikisa kichwa polepole. "Nilijua watu wa huko kwenu wanapenda shamba na pesa. Sikujua mnakuja mpaka huku kutufufulia vitu tulizika. Mimi nitaita pasta atoke Kitui, Jumamosi, aone na macho yake. Na tangazo la tatu sitasoma." Akachukua mbuzi wake akaenda zake.

Gicheru aliketi chini kwenye matope. Miezi yote ile alikuwa amewaogopa Wakamba na uganga wao, akibeba nywele zake kwenye leso, na sasa Mkamba amemwogopa yeye. Ilikuwa ya kuchekesha, na siku nyingine angecheka. Lakini alimpenda Mbinya kupita kiasi, na aliona wazi jinsi Jumapili itakavyokuwa: Mzee atakunja karatasi yake baada ya tangazo la mkutano wa akina mama, na kanisa lote litageuka kumtazama yeye. Machozi yalimlenga, akajifanya anafuta jasho.

Kabla hajainuka, akasikia mtu akikohoa. Alikuwa Susu Kalunde, yaani Bibi Kalunde, ajuza wa boma la jirani, ambaye hakuna kitu kilichotokea Kwa Ndululu bila yeye kuwa amesimama karibu. Mkononi alikuwa na ukufi wa mawele.

"Mimi sina neno na wewe, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Wengine hapa wanajifanya. Wewe fanya kazi yako. Weka na hii, halafu umwambie juu ya ile shamba yangu ya chini."

"Nimwambie nani, Susu?"

"Huyo unamwagia."

Gicheru alimrudishia mawele yake kwa adabu. Susu Kalunde akayafunga kwenye ncha ya leso, akaondoka akisema kwamba fundi wa kweli huwa hana haraka.

Mbinya aliposikia habari, hakulia. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kufaa kuliko machozi ya Gicheru. "Baba haelezwi kitu," akasema. "Baba anaonyeshwa. Kwanza acha hiyo nondo vile ilivyo. Usiongeze hata tone."

Kisha akamwonyesha barua. Ilikuwa ya Kiema, kaka yake mkubwa anayefanya kazi bandarini Mombasa, ambaye tangu Mei hakuwa amesikika. Barua ilisema maneno mawili tu: alikuwa hospitali, na Jumamosi saa nne asubuhi atapiga simu posta azungumze na Baba. Mzee Jonah alikuwa ameisoma barua hiyo mara tano. Kila mara alisema tu "Haya", kisha akaifungua tena.

Ijumaa Gicheru alifanya kazi moja tu. Aliunga waya mrefu kwenye mkono wa simu wa posta, uweze kupita dirishani.

Jumamosi Mzee Jonah alifika saa tatu, amevaa koti. Alimkuta Gicheru mlangoni.

"Wewe hutakuwa karibu na simu," akamwambia. "Wala hiyo fimbo yako ya shaba. Simama pale barabarani, mikono nje ya mfuko, mdomo umefunga. Nisikie mwanangu bila mambo yako."

"Sawa, Mzee."

Susu Kalunde alijitolea kumlinda, bila kuombwa. Gicheru akasimama barabarani, mikono ikining'inia. Kutoka hapo aliona dirisha la nyuma la posta na kishimo kikavu chini yake. Chumvi ya Jumatano walikuwa wamekwisha kuimaliza.

Saa nne na dakika saba, Kitui ikaita ikiwa na Mombasa kwenye laini. Mbinya alichomeka waya kwenye bodi ya kuunganishia simu akampa babake mkono wa simu. Mzee aliushika kwa mikono miwili.

"Kiema," akasema. "Kiema, ni mimi."

Mngurumo ukamjaa sikioni. Mbali sana ndani yake kulikuwa na sauti ya mtu, ikipanda na kuzama. Alisikia "Baba". Alisikia "mguu", au labda ni "muda". Kisha mngurumo ukafunika yote.

"Mbinya, nyosha hii kitu."

"Hainyoshwi, Baba. Udongo ni mkavu. Maji iko kwa ndoo hapo nje chini ya dirisha, na pakiti ya chumvi. Ukitaka kumsikia, mwaga."

"Mimi nimwage?"

"Fundi umemfukuza. Mimi nashikilia bodi, nikiachilia inakatika. Umebaki wewe."

Mzee Jonah alitazama nje kupitia dirishani. Alimwona Gicheru barabarani, mdomo umefungwa kama alivyoamriwa. Alitazama mkono wa simu, ambao ulikuwa bado ukinguruma na mwanawe ndani. Alizunguka nyumba, Mbinya akampitishia simu dirishani kwa mkono mmoja, naye akasimama juu ya kile kishimo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mzee Jonah aliinama, kwanza kiuno, halafu goti moja, halafu yote mawili. Pakiti ya chumvi ilikataa kufunguka kwa mkono mmoja, ikabidi atoe kisu mfukoni. Akanyunyiza. Akamwaga maji.

Udongo ulifyonza kwa sauti. Sikioni mwake mngurumo ulipungua kama mtu anayetembea kwenda zake, na nyuma yake ikabaki sauti ya Kiema.

"...nasema mguu umepona, Baba. Gari ilinigonga hapo bandarini. Sikutaka mjue nikiwa bado kitandani."

"Umepona kabisa?"

"Natembea. Unalia, Baba?"

"Hapana, ni vumbi," Mzee akasema, na machozi yalikuwa yakishuka mpaka kwenye kola ya koti. Mngurumo ukaanza kurudi kidogo. Akaogopa. "Ngoja, usiende. Usiende, mwanangu. Nakuongezea maji."

Chifu alikuwa amesikia harufu ya chumvi kutoka mbali. Alifika akasimama kando ya bwana wake, bega kwa bega, akainamisha kichwa.

Gicheru aliona yote hayo kutoka barabarani. Pia aliona, kabla ya mtu mwingine yeyote, pikipiki iliyosimama karibu na kanisa, na mtu mnene mwenye Biblia kwapani akija kwa miguu kupitia nyuma ya posta. Alikuwa Pasta Musyoka kutoka Kitui, aliyeitwa na Mzee Jonah aje aone ithembo kwa macho yake mwenyewe. Gicheru angeweza kupiga kelele. Lakini alikuwa ameambiwa afunge mdomo, na yeye ni kijana mtiifu.

Pasta alipinda kona akasimama. Mbele yake alimwona mzee wa kanisa wa miaka thelathini na mitatu katika wokovu, amepiga magoti kwenye udongo uliolowa. Kisu kilikuwa kando yake, na mbuzi mweusi asiye na doa. Alikuwa akimwaga maji kwa mkono mmoja, na wa pili, ambao pasta hakuuona vizuri kwa sababu ya kola ya koti, ukiwa umeshika shavu kama mtu anayeomboleza. Mzee alikuwa akisema na ardhi.

"Nakusikia sasa vizuri," Mzee Jonah alikuwa akisema. "Mama yako pia atafurahi kusikia uko hai. Tulifikiria umetuacha. Kunywa maji, kunywa, iko ingine."

Maneno hayo ya mwisho alimwambia mbuzi akimwelekezea ndoo, apate kuondoa pua yake kwenye kishimo, lakini pasta angejuaje. Wakati huo huo Susu Kalunde, ambaye hakuweza kuvumilia zaidi, aliliacha lindo lake, akaja mbio kadiri ya miguu yake, akafungua ncha ya leso na kutupa mawele yote kwenye kishimo.

"Na shamba yangu ya chini," akasema.

"Mzee Jonah," Pasta Musyoka akasema. "Unafanya nini?"

Mzee Jonah aligeuka. Alimwona pasta. Halafu, polepole, akaanza kuona kile ambacho pasta alikuwa akikiona: magoti yake, maji, chumvi, makaa, mawele, kisu, Chifu. Alikijua vizuri kitu hicho, maana Alhamisi alikuwa amekihesabu yeye mwenyewe mbele ya Gicheru, kimoja baada ya kingine. Mkuki kwa nguruwe.

"Ni ya simu," akasema.

"Ya simu?"

"Ya mtambo. Hii udongo, pasta, ikikauka... Umeme unataka kushuka, sasa hauna... Unanywesha." Aliyasikia maneno yake mwenyewe, na hata yeye hakuyaamini.

"Unanywesha nani?" pasta akauliza kwa upole, kwa sauti ile anayotumia na wagonjwa.

Mzee Jonah alimgeukia binti yake. Alitafuta msaada dirishani, lakini Mbinya alikuwa ameinama chini ya bodi, mabega yakimtikisika. Basi akatazama barabarani. Yule kijana mrefu alikuwa bado amesimama pale pale, mikono nje ya mfuko, mdomo umefungwa. Alikuwa mtu mmoja tu katika Kwa Ndululu nzima aliyeweza kumtoa mzee wa kanisa kwenye shimo lile.

"Wewe," Mzee akaita. "Kuja hapa."

Gicheru hakusogea. Si kwamba alikuwa mkaidi. Ni kwamba hakuwa na uhakika kama amri ya kusimama imeondolewa.

Mzee Jonah alijifuta uso kwa mkono wenye matope. Sauti ilipotoka haikuwa ile ya dawa ya kupe. "Kuja, mkwe wangu," akasema. "Kuja unisaidie kuelezea pasta."

Gicheru alitembea kutoka barabarani mpaka nyuma ya posta. Alisimama mbele ya pasta, akafungua mdomo aeleze mambo ya volti na betri na udongo mkavu, na hakuna neno hata moja lililotoka, kwa jinsi alivyokuwa na furaha.

Aliyeokoa hali ni Kiema. Kutoka kwenye mkono wa simu uliokuwa umeangukia matopeni, sauti yake ilisikika wazi, haina hata chembe ya mngurumo. "Baba, bado uko? Mkwe gani? Nani huyo anaolewa?"

Pasta Musyoka aliifuata sauti kwa macho mpaka chini. Kisha akakunja suruali yake, akapiga goti moja karibu na Chifu, akaokota mkono wa simu na kuusogeza sikioni. "Ni dada yako," akasema. "Mimi nasikia habari hii sasa hivi, kama wewe."

Jumapili tangazo la tatu lilisomwa kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kinu. Baada yake Mzee Jonah hakukunja karatasi. Alisema kwamba maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe ovyo, kila boma lipeleke karai moja nyuma ya posta kwa zamu, na mtu asiulize sababu. Anayetaka sababu aende kwa mkwe wake. Na wenye mbuzi wafunge mbuzi zao. Mtu mmoja wa nyuma akataka kujua ni mbuzi za nani hasa zinazosemwa.

"Zangu," Mzee Jonah akasema. Jumatatu asubuhi alikwenda na shoka lile lile la mwaka wa hamsini na moja, akakata matawi ya miiba, akaizungushia nondo ya shaba boma.